Asali ya Simba na Yai la Roma: Mwendelezo wa Visa vya Wizi wa Hila katika Ngano na katika Sinema

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya hadithi ambayo wahakiki wetu hawajaishughulikia vya kutosha, ingawa hadhira yetu inaifahamu sana. Nayo ni hadithi ya wizi wa hila unaofanywa na kundi la watu, tena kwa namna ya kuchekesha, na hasa hadithi hiyo inaporudi mara ya pili: wezi wale wale, mwibiwa yule yule, ila mambo yamegeuka. Katika sinema za Marekani mfano mashuhuri ni Ocean's Twelve, iliyoongozwa na Steven Soderbergh na kutolewa Desemba 2004, ikiwa mwendelezo wa Ocean's Eleven ya mwaka 2001. Katika ngano zetu mfano ulio karibu zaidi ni kile kisa cha Sungura na asali ya Simba, kilichochapishwa kwa Kiingereza na George W. Bateman katika kitabu chake cha ngano za Unguja cha mwaka 1901, na ambacho ndugu zake wanasimuliwa hadi leo katika pwani yetu ya kusini, kuanzia Diani, Kinondo na Chale hadi Gazi na Msambweni.

Huenda msomaji akauliza: yafaa nini kuziweka pamoja hadithi ya wanyama wawili juu ya mbuyu na sinema iliyokusanya zaidi ya dola milioni 360 ulimwenguni? Jibu letu ni kwamba hadithi hizi mbili zinakabili tatizo moja la usanii, nalo ni hili: msimulizi afanyeje hila iliyokwisha kujulikana iweze kuchekesha tena? Aidha, zote mbili zinamkabili msikilizaji kwa swali moja la maadili, ambalo kwa watu wa Chale si swali la mchezo: hii ni mali ya nani?

2. Sehemu, mwendelezo na kundi

Kabla hatujaendelea yafaa tufafanue istilahi. Kwanza, tusichanganye sehemu na mwendelezo. Katika miaka ya 2000, wakati sinema za Tanzania zilipouzwa kwa wingi katika kanda na diski, ilikuwa desturi ya wauzaji kukata hadithi moja vipande viwili na kuiuza kama "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili". Mnunuzi wa sehemu ya kwanza peke yake alikuwa na nusu ya hadithi. Huo haukuwa mwendelezo, bali ulikuwa mgawanyo. Mwendelezo kwa maana tunayoikusudia hapa ni hadithi kamili inayofuata hadithi nyingine kamili, na ambayo haiwezi kuanza ila kwa kuwa ile ya kwanza ilikwisha kufungwa. Mlango ulifungwa, mwendelezo unaubisha.

Pili, kundi. Katika hadithi za shujaa mmoja, wahusika wengine ni wasaidizi tu. Katika hadithi ya kundi hakuna hata mmoja anayeweza kuifanya kazi peke yake, na kila mmoja anatambulishwa kwa ufundi wake. Kundi la Danny Ocean lina watu kumi na mmoja: mpangaji (George Clooney), mwenziwe wa karibu (Brad Pitt), mchomoaji wa mifukoni (Matt Damon), fundi wa baruti (Don Cheadle), mgawa karata (Bernie Mac), tajiri mfadhili (Elliott Gould), mzee laghai aliyebobea (Carl Reiner), ndugu wawili madereva wasioacha kugombana (Casey Affleck na Scott Caan), fundi wa mitambo ya umeme (Eddie Jemison), na mwanasarakasi wa Kichina (Shaobo Qin). Msomaji atatambua mara moja kwamba huu ni muundo wa chombo cha baharini: nahodha, rubani, serahangi na mabaharia. Akikosekana mmoja, safari haiendi.

Aina hii haikuzaliwa jana. Wizi wa kundi ulioigizwa kwa uzito ulionekana katika The Asphalt Jungle ya John Huston mwaka 1950, na katika Rififi ya Jules Dassin mwaka 1955. Waliougeuza kuwa kichekesho kikubwa ni Waitalia. Mario Monicelli alitoa mwaka 1958 sinema ya wezi maskini wa mjini Roma wasiofaulu lolote, na kabla ya miaka miwili kupita mwendelezo wake ulikuwa umekwisha tengenezwa na Nanni Loy. Hata Ocean's Eleven ya mwaka 2001 yenyewe ilitokana na sinema ya zamani ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Lewis Milestone, ambamo Frank Sinatra alikuwa kiongozi wa wezi.

3. Kisa cha asali

Tuanze na ngano, kwa kuwa ndiyo fupi. Sungura anaona mzinga katika mbuyu. Anamwendea Buku, yule panya mkubwa, na kumkaribisha wakale asali. Buku anauliza: asali ya nani? Sungura anajibu kwamba ni urithi aliouacha baba yake. Wanapanda, wanawafukuza nyuki kwa moshi wa majani makavu, wanakaa kitako kula. Mara Simba, mwenye asali, anafika chini ya mti na kuuliza ni nani walioko juu. Sungura anamnong'oneza mwenziwe anyamaze. Simba anaghadhibika, na Buku kwa hofu anakiri. Hapo Sungura anamwomba Buku amfunge ndani ya majani na kumtupa chini, baada ya kumwambia Simba ajitenge kidogo. Furushi linatupwa, Simba anadhani ni majani matupu, Sungura anatoroka. Buku anashuka, anaulizwa alikuwa na nani, anasema kweli, na Simba anamla.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza, nayo imekamilika. Siku chache baadaye Sungura anamwendea Kobe. Maneno ni yale yale: twende tukale asali ya baba yangu. Swali ni lile lile: asali ya nani? Mti ni ule ule, moshi ni ule ule, na Simba anakuja kama alivyokuja. Walakini mambo mawili yamebadilika. Simba sasa anamjua Sungura na anamvizia. Na Kobe si Buku. Sungura anapoomba afungwe katika majani, Kobe anatafakari moyoni mwake kwamba huyu anataka kukimbia na kuniachia mimi ghadhabu. Anamfunga, lakini kabla ya kumtupa anapaza sauti na kutangaza kwamba Sungura anakuja.

Simba anamkamata. Hapo Sungura hana budi kuvumbua hila mpya papo hapo. Anamwambia Simba kwamba nyama yake ni ngumu mno kuliwa, na kwamba njia bora ya kumwua ni kumshika mkia, kumzungusha, kisha kumbamiza chini. Simba anakubali, Sungura anachopoka. Kobe naye anamshauri Simba amtie katika matope na kumsugua mpaka gamba litoke. Simba anasugua mpaka nyayo zinachubuka, na Kobe anajiponea. Baada ya hapo kisa kinaendelea hadi nyumbani kwa Sungura, ambako Simba anajificha ndani ili amvizie. Sungura anaiamkia nyumba kama kwamba ina desturi ya kuitikia, Simba anaitikia, na siri yake inatoka.

4. Kisa cha yai

Katika Ocean's Eleven kundi lilimwibia tajiri wa majumba ya kamari, Terry Benedict (Andy Garcia), dola milioni 160 katika mji wa Las Vegas. Katika Ocean's Twelve Benedict amekwisha wajua wote kwa majina na makazi. Anamfikia mmoja baada ya mwingine na kutoa sharti: fedha zake zirudi pamoja na riba, katika muda wa wiki mbili. Wengi wamekwisha zitumia. Marekani hawawezi kufanya kazi tena kwa kuwa wanajulikana mno. Hivyo wanakwenda Ulaya kuiba ili walipe walichoiba.

Mjini Amsterdam wanakusudia kuiba hati ya kale ya hisa iliyomo katika nyumba ya mtu asiyetoka nje kamwe. Wanakwenda hata chini ya maji ya mfereji ili kuinyanyua nyumba nzima kwa jeki, wapate kulenga dirisha. Wanapofika, hati imekwisha chukuliwa. Aliyewatangulia ni Mfaransa aitwaye François Toulour (Vincent Cassel), mwizi tajiri asiye na shida ya fedha. Huyo ndiye aliyewachongea kwa Benedict, na sababu yake ni wivu tu: mwalimu wake, LeMarque (Albert Finney), alisikia mtu akilisifu kundi la Ocean kuwa ndilo bora, naye mwalimu hakukanusha. Toulour anawapa changamoto: yeyote atakayetangulia kuliiba yai la kifalme la Fabergé, linaloonyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Roma, ndiye mwizi bora. Wakishinda wao, yeye atalipa deni lao lote.

Mbio zinaanza, na kila kitu kinaharibika. Wanafuatwa na mpelelezi Isabel (Catherine Zeta-Jones), aliyewahi kuwa mpenzi wa mmoja wao. Wengi wanakamatwa. Waliobaki wanamtia mke wa Ocean, Tess, katika mchezo: kwa kuwa anafanana na mwigizaji Julia Roberts, basi na ajifanye yeye. Ni lazima tukumbuke kwamba Tess anaigizwa na Julia Roberts mwenyewe. Mwigizaji anamwigiza mtu anayemwigiza mwigizaji; na kabla hajapumua anakutana na Bruce Willis, anayejiigiza mwenyewe, ambaye anamjua Julia Roberts wa kweli. Hila inafichuka, nao wanakamatwa. Afisa wa Kimarekani anayekuja kuwachukua wafungwa anageuka kuwa mama mzazi wa mmojawao.

Mwishoni Toulour, aliyecheza dansi katikati ya miale ya ulinzi hadi kulifikia yai, anajigamba. Ndipo anapoambiwa kwamba yai alilolichukua ni la bandia. Lile la kweli lilikuwa limesafirishwa ndani ya mkoba wa mtu wa kawaida katika gari moshi kutoka Paris, na kundi lilikuwa limekwisha ubadilisha mkoba huo kabla ya vurugu zote za Roma. Vurugu zile zilikuwa ni maonyesho, na mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa Toulour.

5. Kutoka siri hadi deni

Sasa twaweza kulinganisha. Jambo la kwanza ni kwamba hadithi ya kwanza ya wizi hujengwa juu ya siri, na mwendelezo wake hujengwa juu ya deni. Katika ziara ya kwanza ya mbuyuni, nguvu ya Sungura ni kwamba Simba hamjui. Katika ziara ya pili nguvu hiyo imekwisha. Vivyo hivyo Benedict: alipokuwa hajui, kundi lilikuwa na uhuru, alipojua, kundi likawa mateka. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hadithi ya kwanza huishia siku ya thelathini na tisa. Mwendelezo huanza asubuhi ya arobaini, na kazi ya msimulizi ni kutafuta jinsi mwizi atakavyoivuka siku hiyo bila methali kuwa uongo.

Hapa ndipo miendelezo mingi inaposhindwa. Msimulizi dhaifu huirudia hila ya kwanza na kuikuza: fedha zaidi, kuta ndefu zaidi, walinzi wengi zaidi. Ngano yetu haifanyi hivyo. Inairudia hila neno kwa neno ili ivunjike mbele yetu. Hadhira inayajua majani, inajua furushi litatupwa, na kicheko kinakuja pale Kobe anapotangaza. Kurudia huku ni mtego wa kisanaa: tunafundishwa kanuni katika hadithi ya kwanza ili tushangazwe na kuvunjwa kwake katika ya pili. Ocean's Twelve nayo inafanya hivyo. Watazamaji walikwisha zoea kwamba mipango ya kundi hili hufaulu. Hivyo sinema inawaonyesha mpango ukivunjika baada ya mpango.

Jambo la pili ni tofauti, tena ni tofauti kubwa. Tujiulize: hadhira imeketi wapi? Katika kisa cha asali hadhira imeketi juu ya mbuyu pamoja na Sungura. Tunajua asali si ya baba yake. Tunajua ndani ya majani mna nani. Hata fikira za Kobe tunasimuliwa. Anayedanganywa ni Simba peke yake, nasi twamcheka. Katika Ocean's Twelve hadhira imeketi chini ya mbuyu, upande wa Simba. Tunaona furushi likianguka na tunadhani ni majani. Gari moshi la Paris linafichwa tusilione mpaka mwisho. Ndiyo sababu wahakiki wengi wa Magharibi waliilalamikia sinema hii kwamba imewahadaa: waliona juhudi zote za Roma zimegeuka bure.

Je, lalamiko hilo ni la haki? Nadhani lina haki kwa kiasi. Kati ya fanani na hadhira kuna mkataba. Fanani wa ngano anaruhusiwa kuwadanganya wahusika wake, lakini hana ruhusa ya kumdanganya msikilizaji aliyeitikia wito wake wa mwanzo. Sinema ya wizi ina mkataba mwingine: mtazamaji amenunua tiketi ili ahadaiwe. Hata Ocean's Eleven ilificha baadhi ya mambo. Lakini kuhadaiwa kwa haki kunahitaji dalili, ili mtazamaji akirudi nyuma aweze kusema, "Kumbe nililiona." Ocean's Twelve ilitoa dalili chache mno, na badala ya kumfanya mtazamaji ajicheke mwenyewe, iliwafanya baadhi yao waone wamechekwa.

Jambo la tatu linahusu gharama. Katika sinema hakuna anayekufa. Mwisho wa yote kuna nyumba, karata na vicheko, na deni limelipwa na Toulour. Katika ngano Buku ameliwa. Twacheka, lakini Buku harudi. Wale wanaosema kwamba ngano za wanyama ni za kuwafurahisha watoto tu hawajatazama ni nani anayelipa. Halipi mwerevu, analipa yule aliyeuliza "asali ya nani?" na kuridhika na jibu jepesi. Kobe anapona kwa kuwa alishuku, ingawa alishuku kwa kuchelewa, akiwa tayari yuko juu ya mti na asali mdomoni.

6. Lugha ya wezi

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, hatuna budi kusimama kidogo hapa. Sinema hii ina mambo mawili ya lugha yanayostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa isimu jamii.

La kwanza ni usemi wa Yen, yule mwanasarakasi. Yeye husema Kichina. Wenziwe humjibu kwa Kiingereza. Na hakuna anayetafsiri. Mtazamaji wa Ulaya huona ni mzaha. Mtu wa Chale haoni mzaha wowote, kwa sababu hayo ndiyo maisha yake ya kila siku. Mzee husema Chidigo, mgeni wa Unguja hujibu Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea. Mmoja atasema atu na madzi, mwingine atasema watu na maji, na biashara itafungwa bila mkalimani. Kuelewa lugha bila kuisema ni ujuzi kamili, wala si upungufu. Na kundi ambalo kila mtu anabaki na ulimi wake huku akieleweka ni kundi lililokwisha kuaminiana.

La pili ni mazungumzo ya mjini Amsterdam, ambapo wakubwa wawili wa kundi wanakutana na mwenyeji wao na kusema naye maneno yasiyo na maana ya wazi, huku kijana Linus akihangaika. Anapopewa nafasi ya kusema, anabahatisha, na anaambiwa amemtukana mpwa wa mwenyeji. Mtazamaji ana kila sababu ya kushuku kwamba hapakuwa na lugha yoyote pale, na kwamba kijana anataniwa. Pwani yetu ina michezo ya aina hiyo. Kinyume, ambacho Edward Steere alikwisha kukieleza katika karne ya kumi na tisa, huichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, hata nyumba ikawa mbanyu. Kazi ya kinyume ni mbili: kuficha jambo kwa asiyehusika, na kumjulisha asiyehusika kwamba hahusiki. Tukiupima usemi wa Amsterdam kwa kipimo hicho, tunaona kwamba kazi ya kwanza haipo, kwa kuwa hakuna la kufichwa. Iliyobaki ni ya pili peke yake. Ni mpaka mtupu uliochorwa kwa maneno. Hapa sinema imeligusa jambo ambalo wengi wetu hulisahau tunapochunguza lugha za siri: mara nyingine siri ni kwamba hakuna siri.

7. Msimulizi kati ya sinema na hadhira

Hatuwezi kuzungumza juu ya sinema za kigeni katika Afrika Mashariki bila kumtaja mtu anayesimama katikati. Kwa miaka mingi watazamaji wengi wa vibanda vya video wamezipokea sinema kwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Jijini Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Nchini Kenya amevuma DJ Afro. Na Uganda kuna wasimulizi wengi wa aina hiyo wanaotumia Kiganda. Msimulizi hatafsiri tu. Huwapa wahusika majina mapya, huwatania, huongeza methali, na huieleza hadhira yale ambayo picha imeyanyamazia.

Hapo linazuka swali la nadharia ambalo naliona kuwa na manufaa kwa wanafunzi wetu. Msimulizi amekwisha itazama sinema kabla ya hadhira yake, kwa hiyo anajua mkoba wa Paris una nini. Je, aseme? Akisema, anaigeuza sinema kuwa ngano: anaipandisha hadhira juu ya mbuyu na kumwacha Toulour chini peke yake, na vurugu zote za Roma zinakuwa kichekesho tangu mwanzo. Akinyamaza, anailinda hila ya sinema lakini anavunja desturi ya fanani. Sinema za mapigano hazimpi taabu hiyo, kwa sababu ngumi haina siri. Sinema ya wizi wa hila ndiyo inayompima. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba tukitaka kuijua fasihi simulizi ya leo, mahali pamoja pa kuitafuta ni katika uamuzi huo mdogo wa msimulizi wa kibandani: wapi aseme, na wapi anyamaze.

8. Mali ya nani?

Tumefika kwenye swali la Buku. Kwa nini tunaruhusiwa kucheka mtu akiibiwa? Hadithi za aina hii hutupa ruhusa kwa masharti matatu. Mwibiwa awe na nguvu kuliko mwizi: Simba, Sultani wa visa vya Abunuwasi, Benedict. Kitu kinachoibwa kiwe cha kufidiwa: asali itatengenezwa tena na nyuki, na fedha za majumba ya kamari zina bima. Na mwizi asiwe mchoyo, bali apende hila kuliko mali. Sharti moja likikosekana, kicheko hukauka.

Ocean's Twelve inayatimiza masharti hayo kwa ustadi, ila inapita haraka mahali pamoja. Kitu kinachogombewa ni cha jumba la makumbusho, na kwa watazamaji wengi jumba la makumbusho halina uso. Kuliibia ni kama kuuibia ukuta. Katika pwani yetu jambo hilo lina upande wa pili. Wagiriama, ndugu wa Wadigo katika Wamijikenda, huwasimikia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, yaani nguzo za mti zilizochongwa, ambazo zikisha kusimikwa hazipaswi kuondolewa. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilitambuliwa baadaye katika majumba mawili ya makumbusho ya Marekani, kwa kuwa mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenyewe mbele ya vigango vyake kabla ya wizi. Vikarudishwa mwaka 2006 na 2007. Jumba la makumbusho la Denver lilikuwa na vigango 30, vilivyotolewa kwake mwaka 1990 na watu wawili wa kazi ya sinema ya Hollywood, na mwaka 2014 lilitangaza nia ya kuvirudisha Kenya.

Tukiyapima hayo kwa masharti yetu matatu, hakuna hata moja lililotimia. Mwibiwa alikuwa mwenye shamba dogo. Kilichoibwa hakikuwa na fidia, kwani ndani yake mlikuwa na heshima ya marehemu. Na mwizi hakupenda hila, alipenda bei. Hapakuwa na jeki chini ya maji wala dansi katikati ya miale. Palikuwa na usiku, shoka na gari. Ndiyo sababu hakuna ngano ya kuchekesha juu ya kuibiwa kwa kigango, na sidhani kwamba itakuwapo.

Kisiwa cha Chale nacho kina kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Misitu ya kaya ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na Kaya Kinondo iliyo jirani ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1990 sehemu ya kisiwa cha Chale ilijengwa hoteli ya kitalii, na wazee wakalalamika. Siliingizi jambo hilo hapa ili kuamua kesi ya ardhi, kazi ambayo si ya mwalimu wa fasihi. Naliingiza kwa sababu linaeleza jinsi hadhira ya hapa inavyosikiliza. Sungura anapojibu kwamba asali ni urithi wa baba yake, mtoto wa mji mwingine hucheka uongo huo. Mtoto wa Chale amekwisha wasikia watu wazima wakibishana, bila kucheka, ni nani aliyerithi nini kutoka kwa nani. Neno lile lile la Sungura lina uzito tofauti masikioni mwake.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mwendelezo wa kisa cha wizi si marudio bali ni hesabu: yale yaliyofichwa katika hadithi ya kwanza yanadaiwa katika ya pili. Tumeona kwamba ngano inaiweka hadhira upande wa mwerevu, ilhali sinema inaiweka upande wa anayehadaiwa, na kwamba msimulizi wa kibandani anaweza kuihamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tumeona pia kwamba kicheko cha wizi kina masharti, na masharti hayo hayatokani na sanaa peke yake, bali yanatokana na historia ya wanaosikiliza.

Kazi iliyobaki ni ya uwanjani. Visa vya asali, vya kisima na vya shamba la mwenyewe bado vinasimuliwa kwa Chidigo na kwa Kiswahili katika vijiji vya Kwale, na wasimulizi wake wanapungua. Yafaa wanafunzi wetu wavikusanye katika lugha zote mbili, na wasiishie kuandika maneno ya fanani tu. Waandike pia hadhira ilicheka wapi, ilinyamaza wapi, na ni nani katika baraza aliyeuliza kama alivyouliza Buku. Swali hilo likiulizwa mapema, kabla ya kupanda mti, hadithi hubadilika.